Matembezi ya Miombo Yawe Somo

Kati ya Septemba na Novemba watu wa Japani hupanda milimani makundi kwa makundi kutazama majani yakigeuka mekundu. Mwanafunzi wa Tabora asomapo habari hizo aweza kudhani kwamba uzuri huo ni wa nchi za baridi tu. Sivyo.

Huko Kigwa, mashariki ya mji wa Tabora, katika njia ya kale ya misafara itokayo pwani, miombo nayo huvaa rangi majira hayo hayo. Ardhi ikiwa kavu bado, mtundu na muyombo hutoa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba, wiki kadhaa kabla ya mvua kuanza. Japani wekundu ni wa jani linalozeeka. Kigwa ni wa jani linalozaliwa. Rangi yenyewe ni ya jamii moja, iitwayo anthosiyanini, na hufikiriwa kuwa hulikinga jani changa na jua kali. Maji ya kuchipulia hutoka katika mizizi mirefu na akiba iliyomo shinani.

Yafaa basi kila shule ya sekondari ya sehemu hizo ifanye matembezi ya pamoja msituni wakati huo. Wako watakaosema kwamba mitihani iko karibu na muhtasari haujamalizika. Lakini asubuhi moja ya kutembea hufundisha biolojia, jiografia na historia kwa pamoja, wala haihitaji nauli. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora. Mwanafunzi ayaonaye mapori hayo kwa miguu hufahamu upesi kwa nini.

Hata hivyo, matembezi yasiwe mchezo mtupu. Kila kundi lichague miti kumi, liitie alama, na kuandika tarehe ya jani la kwanza, rangi yake, joto la siku, na kama nyuki wamefika. Miti hiyo hiyo itazamwe kila mwaka. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na kumbukumbu za kuonyesha kama majira yanabadilika. Jambo hili ni la haraka, kwani miombo inakatwa kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku, na mti usiojulikana hauna mtetezi.

Tahadhari ni chache. Safari ianze alfajiri, kila mmoja achukue maji, na mrina asali wa kijijini awe kiongozi. Moto usiwashwe kabisa. Nguo ziwe za mikono mirefu, zisizo nyeusi wala za buluu, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o, waenezao malale. Mwalimu wa biolojia aweza kuanza Septemba ijayo kwa daftari moja na darasa moja.