Rubani Akisema Hajui, Tusimcheke

Ipo jioni moja ambayo kila niikumbukapo hunitia haya. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwenye ukingo wa shimo la Menengai, juu ya jiji la Nakuru, kwa ajili ya somo la jiografia. Gari la kuturudisha lilichelewa, giza likatukuta pale pale. Mara tukaona safu ya taa nyeupe ikichomoza upande wa Rongai, taa zimepangika mithili ya shanga uzini, zikapita kimya kimya juu yetu na kutokomea upande wa Bahati.

Wapo waliopiga mayowe. Wapo waliokumbuka hadithi za Menengai, za watu waliopotea njia humo wasionekane kwa siku kadhaa, wakaanza kunong'ona habari za mashetani. Msichana mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, zile ni nini?" Nikamjibu bila kusita kwamba ni ndege zinazokwenda Nairobi, nikaongeza mzaha juu ya watu wanaoona majini kila penye taa. Darasa zima likaangua kicheko. Msichana yule akanyamaza.

Majuma machache baadaye nilifahamu kwamba zile hazikuwa ndege. Zilikuwa setilaiti za Starlink, ambazo kampuni ya SpaceX ya Marekani imekuwa ikizirusha kwa mafungu tangu mwaka 2019. Siku za mwanzo baada ya kurushwa husafiri kwa mstari mmoja, na kwa kuwa ziko juu sana, mwanga wa jua huendelea kuzipiga ilhali sisi huku chini tumekwisha kuingia gizani. Kosa langu halikuwa kutojua. Kosa langu lilikuwa kujibu kana kwamba najua, na kumfanya aliyeuliza aonekane mjinga.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu ya mjadala ambao umeushughulisha ulimwengu kwa miaka kadhaa sasa, nao ni wa ripoti za marubani wa kijeshi juu ya vitu visivyotambulika angani. Wanafunzi huniuliza habari zake mara kwa mara. Naona sisi walimu tunaelekea kuwajibu kama nilivyojibu jioni ile.

Tuanze na yale yaliyothibitishwa. Tarehe 14 Novemba 2004, David Fravor, kamanda wa kikosi cha ndege za kivita za Jeshi la Wanamaji la Marekani, alitumwa kuchunguza kitu kilichoonekana kwenye rada za meli karibu na pwani ya kusini ya California. Yeye na wenzake walieleza kwamba waliona kitu cheupe, kirefu, kisicho na mabawa, kilichokwenda kwa namna wasiyoweza kuieleza. Habari hiyo ilienea mwishoni mwa mwaka 2017, na mwezi Aprili 2020 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikatoa rasmi kanda tatu za video zilizopigwa na marubani wake, moja ikiwa ya siku ile ya mwaka 2004.

Mwezi Juni 2021 idara za ujasusi za nchi hiyo zikatoa taarifa juu ya ripoti 144 zilizokusanywa tangu mwaka 2004. Ni moja tu iliyoelezwa kwa uhakika: lilikuwa puto kubwa lililokuwa likipungua hewa. Ripoti nyingine 143 zilibaki bila maelezo kamili. Msomaji asiharakishe kushangilia wala kubeza. Taarifa hiyo haikusema kwamba vitu hivyo vimetoka sayari nyingine. Ilisema kwamba habari zilizokusanywa hazikutosha. Jopo la wanasayansi la NASA nalo, katika ripoti yake ya Septemba 2023, lilisisitiza jambo lilo hilo: data ni chache na ubora wake ni hafifu. Na mwezi Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi iliyoundwa kuchunguza mambo haya ilitangaza kwamba haikupata ushahidi wowote wa viumbe wa nje ya dunia.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. La hasha. Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Rubani wake, Kapteni Jack Bicknell, hakuwa katika ndege ya kivita, lakini ushuhuda wake ni wa aina ile ile. Yapata saa moja na dakika ishirini, afisa wa redio, Merrifield, alimwonyesha kitu king'aacho kilichosimama tuli juu ya Mlima Kilimanjaro. Bicknell aliarifu Eastleigh kwa redio, akaombwa atazame vizuri asije akawa ameona puto la hali ya hewa. Wakakitazama, yeye na abiria wake, hata kikaanza kwenda, kikapanda juu zaidi na kutoweka kuelekea pwani. Jumla ya muda ulikuwa takriban dakika 17.

Sitadai kujua kile kilikuwa nini. Ninachokistahi ni mwenendo wa watu wale. Rubani hakunyamaza kwa kuogopa kuchekwa, wala wa chini hawakumwambia kwamba amelewa. Walimwuliza swali la busara, naye akarudi kutazama. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, tunayo saa, tunao mwelekeo, tunao muda.

Linganisha na mkasa wa Kapteni Thomas Mantell, rubani wa kijeshi wa Marekani. Tarehe 7 Januari 1948, katika jimbo la Kentucky, aliombwa akichunguze kitu kilichoonekana juu ya uwanja wa ndege wa kijeshi. Alikifukuza akipanda juu zaidi na zaidi bila kuwa na oksijeni, ndege yake ikaanguka, akafa akiwa na umri wa miaka 25. Kwanza ilisemwa kwamba alikuwa akiifukuza sayari ya Zuhura. Baadaye wachunguzi waliona kuwa yaelekea lilikuwa puto kubwa la utafiti la Jeshi la Wanamaji, ambalo mpango wake ulikuwa siri wakati huo. Ikiwa ndivyo, basi Mantell alikufa akikifukuza kitu ambacho wananchi wenzake walikijua vyema, ila hawakuwa na ruhusa ya kumwambia.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Neno "kisichotambulika" halikielezi kitu chenyewe. Laeleza kiasi cha elimu ya mtazamaji kwa saa ile. Kitu kimoja chaweza kuwa fumbo kwa rubani na jambo la kawaida kwa fundi aliyekitengeneza. Kwa hiyo anayesikia neno hilo na kuruka moja kwa moja hadi kwenye sayari za mbali amekosea, na anayelisikia na kudhani kwamba rubani ni mwongo amekosea vile vile. Wote wawili wamelifunga swali kabla halijajibiwa.

Na kulifunga swali kuna gharama. Tarehe 26 Julai 2023, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, Ryan Graves, rubani wa zamani wa ndege za kivita, alieleza kwamba marubani wengi hunyamazia wanayoyaona kwa kuhofia kudhihakiwa na kuharibu kazi zao. Tukumbuke kwamba ile taarifa ya mwaka 2021 ilitaja matukio 11 ambapo marubani walisema nusura wagongane na vitu hivyo. Iwe ni puto, iwe ni ndege isiyo na rubani, iwe ni chombo cha jasusi, kikigonga ndege kitaua watu. Bawa la ndege halijali kama kitu kilicholivunja kina jina.

Wapo watakaosema kwamba serikali zinaficha ukweli. Katika kikao kile kile cha mwaka 2023, David Grusch, afisa wa zamani wa ujasusi, alidai kwamba Marekani inahifadhi vyombo visivyo vya binadamu. Ni kweli kwamba serikali huficha mengi, na kisa cha Mantell ni ushahidi. Lakini kujua kwamba sanduku limefungwa si kujua kilichomo ndani yake. Grusch mwenyewe alikiri kwamba alitegemea aliyoelezwa na wengine, na hadharani hakuonyesha chombo chochote. Nasi hatuna budi kumpima kwa mizani ile ile tunayompimia mwanafunzi: onyesha njia uliyoifuata hadi ukapata jibu.

Hapa kwetu tumepata mfano mwema hivi karibuni. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma, yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Wanakijiji waliwaarifu wenye mamlaka. Maafisa wa Shirika la Anga za Juu la Kenya wakafika, wakakichukua kile kitu, na baada ya uchunguzi wa awali wakaueleza umma kwamba ni sehemu ya roketi ya kurushia vyombo angani. Hakuna aliyeimbiwa nyimbo za dhihaka. Lililokuwa fumbo siku moja lilipata maelezo muda mfupi baadaye, kwa sababu walioona walisema, na waliopasa kusikiliza walisikiliza.

Je, mwalimu wa Nakuru, wa Njoro au wa Gilgil afanye nini? Ushauri wangu ni mwepesi na hauhitaji maabara. Mwanafunzi akija na habari ya taa aliyoiona usiku, mpe kalamu kabla ya kumpa jibu. Aandike saa aliyoiona, upande ilikotokea na ilikoelekea. Apime urefu wake juu ya upeo wa macho kwa kunyosha mkono na kuhesabu ngumi, kwani ngumi moja ni yapata digrii 10. Aandike ilidumu kwa muda gani, kama ilikuwa na sauti, na ni nani mwingine aliyeiona. Kisha mtafute pamoja. Huenda ikawa Zuhura, huenda ikawa setilaiti, huenda ikawa kundi la heroe, wale flamingo wetu ambao husafiri usiku kati ya maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria. Na baada ya kutafuta kote, huenda mkabaki hamjui. Basi andikeni kwamba hamjui, na mtie tarehe.

Muhula ule ulipokaribia kwisha, nilirudi darasani nikawaambia wanafunzi wangu kwamba nilikosea, nikawaeleza habari za setilaiti. Yule msichana alifungua daftari lake la jiografia, akanionyesha ukurasa wa mwisho. Jioni ile, wenzake walipokuwa wakicheka, alikuwa ameandika saa, mwelekeo na idadi ya taa alizoweza kuhesabu: 23. Mimi, mwalimu wake, sikuwa nimehesabu hata moja.