Peter wa Maman'tilie hakuzaliwa jambazi

Vijana wenzangu, kama umesoma sekondari Tanzania miaka ya karibuni basi Peter unamjua. Ni yule mtoto wa kwenye Watoto wa Maman'tilie, kitabu cha Emmanuel Mbogo cha 2002, anayerudishwa nyumbani na dada yake Zita kwa kukosa ada na sare. Baba yao Lomolomo yuko kwenye pombe, mama anauza chakula, na Peter anaishia mtaani na kina Kurwa na Doto, kisha kwenye uhalifu. Tulikikariri kwa ajili ya mtihani. Sifa za Lomolomo: mlevi, hajali familia. Sifa za Maman'tilie: mchapakazi, mvumilivu. Sifa za Peter: mhalifu, hafai kuigwa na jamii. Alama zinaingia, tunafunga daftari.

Kijana niliyekaa naye dawati moja kidato cha tatu, hapa hapa Bunda, alinyoosha mkono siku hiyo akauliza, "Mwalimu, sasa huyu angefanya nini?" Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia akae chini, kwenye mtihani haliulizwi swali la hivyo.

Mwaka huohuo alifukuzwa shule. Ilikuwa ni ugomvi wa mpira, vijana wa mtaa wetu na wa ng'ambo ya barabara ya lami, ule uhasama ambao wala hakuna anayejua ulianzaje. Mtu alipasuliwa kichwa kwa chupa. Yeye alikuwepo, na jina lake lilishakuwa baya, basi likaandikwa. Hakuna aliyemsikiliza. Nimekuja kusoma baadaye kwamba kuna kanuni nzima za 2002 za kufukuza na kusimamisha wanafunzi, ila siku ile kilichohitajika ni daftari lake tu na kauli ya "toka".

Baada ya hapo ni hadithi ya Peter. Kwanza alikuwa anaosha bodaboda. Halafu akawa na wenzake saba au wanane, wana jina lao, wana alama ya kukata nywele, wanakaa pale stendi usiku. Tukipita na sare zetu alikuwa wa kwanza kutazama pembeni.

Sasa nisikilizeni kuhusu hayo makundi, maana tunayazungumza kama vile yameshuka na mvua. Dar ilikuwa na Mbwa Mwitu, kisha Panya Road. Januari 2015 jiji lilifunga milango usiku mmoja kwa hofu, na siku zilizofuata mamia ya vijana wakakamatwa. Mombasa, kule Kisauni, wamekuwa na Wakali Kwanza na Wakali Wao, majina yanayofanana kama mapacha, wakikatana mapanga. Ukichunguza, ni watoto wa umri wa kidato cha pili mpaka cha nne. Wanalofanya ni baya kabisa na siliremba. Septemba 2022 Panya Road waliingia nyumba za watu Dar na mwanafunzi wa chuo akauawa Kawe. Hiyo familia haihitaji uchambuzi wangu wa riwaya.

Lakini waandishi waliona kitu ambacho sisi tunakikwepa. Mmarekani S. E. Hinton alichapisha The Outsiders mwaka 1967, yeye mwenyewe ana miaka 18, juu ya makundi mawili ya vijana, wa kishua na wa uswahilini kwao, wanaouana kwa visu. Miaka 6 baadaye Meja Mwangi wa Kenya akatoa Kill Me Quick: vijana wawili wana vyeti vya shule, Nairobi haina kazi, jalala linakuwa jiko, genge linakuwa ukoo, jela inakuwa nyumbani. Cha ajabu hao waandishi wawili wamezaliwa mwaka mmoja, 1948, mabara tofauti. Hapa kwetu Profesa Abdallah Safari, mwanasheria aliyewahi kuwa Makamu Mwenyekiti wa CHADEMA Bara, ameandika Joka la Mdimu, humo baba anaingia kwenye ujambazi akitafuta pesa ya kumtibu mwanaye. Wote hawa wanaanzia hadithi mbali. Wanaanzia getini shuleni, jikoni, wodini. Jalada la polisi linaanzia kwenye panga. Na sisi wananchi huwa tunasoma jalada tu.

Wazee wa mkoa wetu watakwambia zamani kijana hakuachwa hivi, alitiwa jando na rika lake, akapewa kazi na adabu. Ni kweli kiasi. Ila msimu huohuo wa jando Tarime na Serengeti mabinti bado wanakimbia kukeketwa, na hilo rika likishakomaa lilitumwa pia kuiba ng'ombe wa watu. Kwa hiyo sitaki kusema turudi huko. Nasema tu kwamba mvulana wa miaka 15 atatafuta rika. Usipompa, stendi ipo.

Nirudi kwa jirani yangu wa dawati. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Alfajiri moja nikasikia "mwizi! mwizi!" hapa Manyamanyama, nikatoka na kanga yangu kama kila mtu. Walikuwa wameshamaliza. Pembeni kulikuwa na sabufa moja na simu mbili. Sikurusha jiwe. Nilipiga picha kwa mbali, nikaiweka kwenye grupu letu la vijana wa chama, nikaandika neno moja: "Safi." Watu kumi na tatu wakaweka vidole gumba. Saa sita mchana mama akaingia kutoka sokoni akaketi bila kuvua viatu, akasema, "Mwanangu, kumbe ni yule mtoto uliyekuwa unakuja naye hapa kujisomea. Mama yake yuko chini pale, hawezi hata kulia."

Alikuwa na miaka 19. Hadi leo sijasikia mtu aliyeshtakiwa.

Sasa nasoma sheria. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 119, inasema mtoto asihukumiwe kifungo jela, na kifungu cha 94 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio kwenye eneo lake. Nchi nzima shule ya maadilisho ni moja, Irambo, Mbeya. Pima mwenyewe umbali wa kutoka Bunda.

Na hapa nitawaudhi. Mwaka 2022 polisi walipotangaza kuua watuhumiwa sita wa Panya Road, nilisoma maoni ya vijana wetu wa upinzani. "Wamalizeni wote." Watu walewale ambao kiongozi wetu akishikwa saa nne tu tunaandika utawala wa sheria kwa herufi kubwa. Utawala wa sheria wa makada tu? Na ukifika uchaguzi, hao vijana wa stendi wanakodiwa kulinda mikutano na kuvuruga ya wengine. CCM wanafanya, na sisi pia tunafanya, msinitolee macho. Tunawapa fulana na elfu tano, Novemba hatuwajui.

Kikao cha vijana cha kata kikikaa nitapeleka hoja mbili. Ya kwanza, diwani wetu aulize halmashauri ya mji, kwa maandishi, ni wanafunzi wangapi wamefukuzwa shule miaka mitatu hii na wangapi walisikilizwa kwanza. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatisha masomo warudi. Tujue nani aliwaambia. Ya pili, picha ya mtu aliyepigwa na wananchi isiwekwe kwenye grupu letu lolote, na atakayeiweka aondolewe. Najua kuna watakaosema hayo si mambo ya siasa.

Ile picha yangu bado imo humo kwenye grupu, nimepanda juu nikaikuta. Muda wa kuifuta umepita. Nitaanza kikao kwa kuionesha.