Mbwa Gani Afaa Nyumba Yenye Watoto?

Siku hizi katika Butembo na Beni, mtu akimaliza kujenga nyumba na kuzungusha ukuta, neno linalofuata ni mbwa. Huuliza rafiki zake: Ninunue berje? Nitafute malinwa? Au nichukue tu mtoto wa mbwa wa jirani? Na kama nyumbani mna watoto wadogo, mama huongeza swali lake, nalo ndilo kubwa kuliko yote: Mbwa huyu hatawauma watoto wetu?

Tunajibu hapa kama watu wanaoosha na kufunga vidonda, si kama wafanya biashara ya mbwa. Jibu letu ni hili: kwa nyumba nyingi za kwetu, mtoto wa mbwa wa kienyeji aliyezaliwa na mama mpole ndiye afaaye. Feza ambayo ungenunulia mbwa wa mbegu ya kigeni, uitumie kwa chanjo, kwa dawa ya minyoo na kwa chakula. Wako watakaokataa neno hili. Basi wasikilize kwanza sababu zetu.

Hatucheki hofu ya wenye nyumba. Tangu Oktoba 2014 watu wengi mno wameuawa katika Beni na vijiji vyake, na mtu anayetafuta njia ya kulala usingizi hana kosa. Lakini mbwa hawezi kuzuia watu wenye bunduki, hata awe mkubwa namna gani. Kazi yake ni kuamsha wenye nyumba. Kwa kazi hiyo yatosha masikio na sauti; hazitakiwi kilo 35 za misuli na meno. Berje dume afikia kilo 30 hata 40. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo 14 hivi. Mbwa huyo akimrukia kwa furaha tu, bila ubaya wo wote, mtoto yuko chini, na pengine kichwa kimepiga jiwe.

Tena mbegu hizi zilifanywa kwa ajili ya kazi. Berje alitokea Ujerumani, mchunga kondoo. Malinwa alitokea Ubelgiji, na jina lake latoka katika mji wa Malines. Ni mbwa wa kukimbia kutwa na kufundishwa kila siku na mtu mwenye subira. Mbwa wa namna hiyo akifungwa kwa mnyororo wa mita mbili nyuma ya jiko, akitupiwa ukoko wa bugali jioni, atafanya nini? Ataharibika tabia. Watoto kwake ni vitu vinavyopita mbele yake vikipiga kelele na kumtupia mawe. Siku mnyororo utakapokatika, tusiseme kwamba mbegu yake ni mbaya.

Katika mkoa wetu wenyewe wako mbwa wa kigeni wanaotunzwa vizuri. Tangu 2011 walinzi wa Hifadhi ya Virunga wana mbwa wa kunusa pale Rumangabo, mbwa wakubwa wenye masikio marefu yanayoning'inia, nao hufuata nyayo za majangili. Mganga wa wanyama kutoka Uswisi alianza kazi ya kuwafundisha. Mbwa hao wana watu wao wa kuwalisha, kuwaosha na kuwatembeza, nayo ndiyo kazi ya watu hao asubuhi hata jioni. Je, katika parsele yako nani atafanya hivyo? Baba yuko sokoni, mama yuko shambani, watoto wako masomo.

Na huyu mbwa wa kienyeji tunayemdharau? Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Katika misitu ya Kongo yuko mbwa mdogo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni. Wambuti wa Ituri huwinda naye, wakimfunga njuga ya mti shingoni. Mwaka 1895 mbwa wa namna hii walionyeshwa London, wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa huko, na watu wakajaa kuwatazama. Leo katika Ulaya na Marekani watu hulipa feza nyingi wampate, naye huitwa Basenji, jina lililotoka katika neno la dharau, lile lile la washenzi. Sisi twatafuta mbwa wa Ulaya, na Ulaya yatafuta mbwa wetu! Hatusemi kwamba kila mbwa wa Butembo ni Basenji safi. Wamechanganyika sana, na wengi hubweka barabara, ambapo yule wa msituni habweki ila kidogo, bali hutoa sauti kama ya kuimba. Lakini mbwa wetu si mkubwa, nywele zake ni fupi, avumilia joto la Beni na baridi ya Butembo, na mlo wake wapatikana nyumbani.

Hata hivyo msije mkafikiri kwamba mbegu yaeleza kila kitu. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi juu ya mbwa zaidi ya 18,000. Waliona kwamba mbegu yaeleza sehemu 9 hivi tu katika 100 za tofauti ya tabia kati ya mbwa na mbwa. Kwa hiyo mtu anayekuambia, Mbegu hii haiumi watoto kamwe, anakuuzia maneno. Mbwa wa kienyeji naye huuma. Ndiyo sababu tulisema aliyezaliwa na mama mpole.

Nenda wewe mwenyewe ukamwone mama yake pale anapoishi. Je, awakubali watoto wa nyumba ile? Au hujificha, akakenua meno kila mtu apitapo? Kama ni hivyo, rudi nyumbani mikono mitupu. Usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza wiki 8 na mama yake. Lakini usikawie mno pia, kwa maana tangu wiki ya tatu hata ya kumi na mbili au zaidi kidogo ndipo mbwa ajifunzapo nani ni watu wake. Siku hizo akae karibu na sauti za watoto, na kuku, na pikipiki, na wageni. Wako watu wanaomfungia mtoto wa mbwa gizani ili awe mkali. Kweli, atakuwa mkali, lakini hataweza kupambanua mwizi na mtoto wa shangazi aliyekuja kuomba moto.

Watoto nao wafundishwe. Mbwa anapokula, mwacheni. Anapolala, mwacheni. Anaponyonyesha, mwacheni kabisa. Kumvuta mkia na kumpanda mgongoni si mchezo. Na mtoto ambaye bado hajaanza masomo asiachwe peke yake na mbwa ye yote, hata yule mpole aliyezaliwa nyumbani, maana uso wa mtoto uko sawasawa na kinywa cha mbwa. Katika watoto wadogo majeraha mengi huwa usoni, kichwani na shingoni.

Juu ya minyoo tutasema machache. Mtoto wa mbwa huweza kuzaliwa na minyoo aliyoipata katika tumbo la mama yake, kwa hiyo dawa yake huanza angali mdogo sana, kama wiki mbili baada ya kuzaliwa, ikarudiwa mara kwa mara. Mavi ya mbwa yafukiwe, yasiachwe mahali watoto wanapochezea udongo. Tena matumbo, maini na mapafu yenye vifuko vya maji kutoka kwa mbuzi au ng'ombe aliyechinjwa, mbwa asipewe. Huko Turkana, kaskazini ya Kenya, kina mama walikuwa na desturi ya kumwacha mbwa amlambe mtoto na kumsafisha badala ya maji, kwa kuwa maji ni machache. Ikaonekana kwamba watu wengi wa huko walipata vifuko hivyo hivyo ndani ya ini lao, vikubwa hata tumbo kuvimba, na mganga kulazimika kupasua. Sisi tuna mvua ya kutosha. Ulimi wa mbwa usiwe kitambaa cha kumpangusia mtoto.

Sasa tufike kwenye neno linalotufanya tuandike. Meno ya mbwa hatuyaogopi kama tunavyoogopa mate yake. Wazimu wa mbwa, ambao wengi huuita raje kama katika Kifaransa, Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba waua watu 59,000 hivi kila mwaka. Katika kila watu 10, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Mwaka 2014 waganga wa Kinshasa waliandika habari za watoto 21 walioshikwa na ugonjwa huu katika mji ule mmoja. Mtu akianza kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuhangaika, hakuna tena dawa ya kumponya, wala ya hospitali wala ya mwituni.

Lakini kati ya kuumwa na dalili hizo kuna nafasi. Vijidudu vya raje husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kwenda ubongoni. Mara nyingi ni miezi 2 au 3, pengine ni wiki moja tu, na aliyeumwa usoni njia yake ni fupi. Katika nafasi hiyo mtu huokolewa. Mwaka 1885, katika Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa vibaya, naye akaishi hata akawa mtu mzima. Zamani sindano zilikuwa nyingi, tena za tumboni, na wako wazee ambao hata leo huwatisha watu kwa habari hizo. Waache. Siku hizi ni chache, hupigwa mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo, kila moja kwa siku yake. Ukipewa siku ya kurudi, rudi, hata kama kidonda kimekauka. Na kidonda kikiwa kirefu, au kiko kichwani, mganga huongeza dawa nyingine katika kidonda chenyewe.

Kabla ya sindano ni maji na sabuni. Osha kidonda dakika 15 nzima, maji yakitiririka juu yake. Watu wa Butembo na Beni hawana haja ya kufundishwa sabuni. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, wengi wao katika nchi yetu hii, na tulinawa kwenye milango ya maduka na makanisa hata ngozi ikapauka. Ile ndoo yenye bomba chini, ambayo labda sasa imewekwa pembeni na kujaa maharagwe, ndiyo chombo kizuri kabisa cha kuoshea kidonda cha mbwa. Usifunge jiwe jeusi. Usitie pilipili wala mafuta. Jiwe jeusi halinyonyi vijidudu hivi, nalo laiba siku ambazo mtoto alikuwa nazo. Kituo cha karibu kikikosa chanjo, uliza kingine siku ile ile.

Na wazazi, msimpige mtoto aliyeumwa na mbwa. Anajua alikatazwa kumchezea mbwa wa jirani. Akijua pia kwamba atachapwa, atashusha mkono wa shati, atanyamaza, na kidonda kidogo kitapona bila mtu kukiona. Hata mkwaruzo mdogo, hata mate juu ya ngozi iliyochubuka, mtoto aambiwe alete habari mbio. Msifuni kwa kusema.

Mbwa naye achanjwe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka, au kama mganga wa wanyama atakavyoagiza, na karatasi yake itunzwe pamoja na karatasi za watoto. Akimwuma mtu, msimuue papo hapo kwa kumponda kichwa. Kama yaweza kufanyika bila hatari, afungwe mahali imara siku 10, atazamwe. Mbwa mpole aliyegeuka mkali, au mkali aliyegeuka mnyonge, atokwaye mate, ambaye sauti yake imebadilika na miguu yake yalegea, ni wa kuogopwa. Lakini aliyeumwa asingoje siku 10 hizo nyumbani. Aende leo.

Labda msomaji mmoja amekwisha kununua berje, naye yuko nyuma ya jiko hivi sasa. Hatumwambii amtupe njiani, maana huko atauma watoto wa wengine. Amfungue mnyororo na kumjengea zizi la miti lenye kivuli na maji. Mtu mzima mmoja amlishe kila siku kwa saa yake, na amtembeze kwa kamba alfajiri kabla barabara haijajaa. Usiku watoto wakiisha kuingia ndani, mbwa aachiliwe azunguke ndani ya ukuta, na kulipopambazuka arudishwe zizini kabla mlango wa nyumba haujafunguliwa. Kibao cha kusema mbwa mkali hakitoshi, kwa maana watoto wa majirani wajao kutafuta mpira wao hawasomi vibao. Komeo la mlango wa parsele liwekwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.