Shamba la Nyumbani na Jina Lililo Daftarini

Wako wakazi wengi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambao wakiulizwa kwao ni wapi hawataji Kaloleni, wala Makongeni, wala Jericho, hata ikiwa wamezaliwa humo. Hutaja Murang'a, au Siaya, au Machakos, au Vihiga. Chumba cha mjini ni mahali pa kulala na kuamkia kazini. Kwao ni kule kwenye shamba na makaburi ya wazee, mahali ambapo mtu hutumaini kurudi nguvu zitakapopungua. Basi ni ajabu kwamba watu hao hao, ambao huziweka stakabadhi za kodi ya chumba kwa miaka mingi, mara nyingi hawajui shamba lile limeandikwa kwa jina la nani.

Hali hii ya kuishi mjini na kutegemea shamba ina asili yake. Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa ajili ya watu walioletwa na kazi. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa Reli. Katika mitaa ya baraza, mwenye nyumba alikuwa Baraza la Mji, na mpangaji alikuwa na ruhusa ya kukaa maadamu alilipa kodi. Tangu mwaka 2013 nyumba za baraza zimekuwa chini ya Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, lakini mpangaji ni mpangaji vile vile. Hata akiishi humo miaka 40, stakabadhi zake zaonyesha kwamba amelipa, hazionyeshi kwamba anamiliki. Kwa hiyo fedha aliyoweza kubakiza ilikwenda shambani: mabati ya nyumba, ng'ombe wa maziwa, miche ya kahawa au ya chai.

Zamani shamba halikuhitaji karatasi. Mtu aliweza kuwa na vipande vitatu au vinne mbalimbali, kimoja bondeni kwa migunda, kimoja kilimani kwa mahindi. Katika nchi ya Wakikuyu ardhi ilikuwa ya mbari, na palikuwa na muhoi, yaani mtu aliyepewa ruhusa ya kulima bila kununua. Mke alikuwa na sehemu yake ya kulima, na mtoto wake alitazamiwa kuirithi. Haki hizo zote ziliandikwa katika kumbukumbu za wazee, nao walizitoa mbele ya watu kila palipotokea ugomvi.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitoa mpango wa kilimo unaojulikana kwa jina la Swynnerton, aliyekuwa ofisa wa Idara ya Kilimo. Vipande vilivyotawanyika vilikusanywa pamoja, vikapimwa, vikaandikwa. Mkulima alipata faida, maana aliweza kuzungushia shamba lake ua, kupanda mazao ya biashara na kukopa fedha kwa dhamana ya hati. Lakini katika Mkoa wa Kati kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliizunguka Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walichukuliwa kutoka mitaa ya Eastlands wakapelekwa kambini, baadhi yao mbali hata Manyani. Hivyo wengi hawakuwapo kwao siku mashamba yalipopimwa. Mahali pengine ndugu aliyebaki nyumbani aliandikwa kwa niaba ya wote, na mahali pengine aliandikwa mwana wa kwanza, kwa kuaminiwa kwamba atawagawia wenzake.

Uaminifu ule haukuandikwa daftarini. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilimfanya aliyeandikwa kuwa mwenye mali kamili. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 kulitokea hukumu za Mahakama Kuu zilizosema kwamba haki ya kimila isiyoandikwa haiwezi kusimama mbele ya hati. Wako waliolima miaka mingi kisha wakaambiwa kwamba wao ni wageni katika ardhi waliyozaliwa. Majaji wengine waliona kwamba aliyeandikwa alikuwa mdhamini tu wa jamaa yake, na mabishano hayo yaliendelea kwa muda mrefu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba udhamini wa kimila waweza kuitangulia hati, hata kama mdai hakai katika ardhi ile. Lakini mdai hana budi kuthibitisha kwamba kabla ya kusajiliwa ardhi ilikuwa ya jamaa au ukoo, kwamba yeye ni wa jamaa hiyo wala si wa mbali mno, na kwamba angaliweza kuandikwa kama lisingalitokea jambo la kumzuia. Ushahidi wa namna hiyo wahitaji wazee walioona, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Shida hii si ya Kenya peke yake. Katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia, wakulima hulima mpunga katika mashamba madogo ya maji, ambayo hugawanywa na kugawanywa tena kila kizazi. Huko ofisi ya kijiji iliweka daftari la kodi ya ardhi, na mkulima akahifadhi karatasi ya kodi akiamini kwamba ndiyo hati yake. Kwa sheria haikuwa hati. Ilionyesha tu nani amelipa. Serikali ya nchi ile ilipotunga sheria ya ardhi mwaka 1960 iliamuru mashamba yasajiliwe, na kazi hiyo imechukua miongo mingi. Mpangaji wa Eastlands aliyeweka stakabadhi zake na mkulima wa Java wamefanana katika jambo moja: kila mmoja ameshika karatasi ya malipo, na karatasi ya malipo si karatasi ya umiliki.

Na uchukuliwe mfano wa karani mpangaji wa Jericho ambaye baba yake alifariki miaka 20 iliyopita. Hati ya shamba ingali kwa jina la marehemu. Karani hupeleka fedha kila mwezi, mkewe hulima, na mama mzee hukaa katika nyumba ya mabati. Wote wala chakula cha shamba lile kwa amani. Siku moja ndugu mmoja apata deni, akapokea fedha za mnunuzi kwa sehemu anayoiita yake. Hapo ndipo jamaa hujua kwamba hakuna sehemu ya mtu yeyote, kwa kuwa mwenye jina amelala kaburini.

Njia iko. Mtu mwenye namba ya shamba aweza kwenda katika ofisi ya msajili wa ardhi, akajaza fomu na kulipa ada, akaonyeshwa jina lililoandikwa na kama kuna deni juu ya ardhi. Ikiwa mzee yu hai, yafaa aite watoto wote, wa kiume na wa kike, awagawie mwenyewe au aandike wosia. Kuuza au kugawanya ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi kwa Sheria ya mwaka 1967; pasipo idhini hiyo mapatano ni bure. Ikiwa mzee amefariki, jamaa hupata barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, kisha hupeleka ombi la mirathi mahakamani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humpa mjane haki ya kukaa na kuitumia mali maishani mwake, na baadaye watoto hugawana sawa, mabinti pamoja na wavulana. Anayeuza mali ya marehemu kabla ya mahakama kumpa mamlaka atenda kosa la jinai.

Wako wasemao kwamba kuuliza habari za hati wakati baba yu hai ni kumtakia mauti. Heshima kwa wazazi ni jambo jema, lakini mzee aliyetumia nguvu zake zote kulitunza shamba hatafurahi kusikia kwamba limekwisha kwa gharama za wakili. Wazee wa Pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Safari ijayo ya nyumbani, mwenye kubeba sukari na majani ya chai kutoka mjini na aulize pia namba ya shamba, na amwombe mzee aeleze mbele ya wote ni nani waliokusudiwa kuwa na haki humo. Neno la mzee aliye hai ni rahisi kuandikwa.