Kigongo Hakimfundishi Punda

Miongoni mwa imani zilizokita mizizi katika nchi zinazotumia wanyama wa kazi, ni chache zinazorudiwa kwa uhakika mkubwa na kuchunguzwa kidogo kama ile isemayo kwamba punda haendi bila kigongo. Methali hiyo husikika kando ya barabara ya Musoma pale Buzuruga, wilayani Ilemela jijini Mwanza, kila punda wa mkokoteni anaposimama ghafla na magari yakaanza kupiga honi nyuma yake. Husikika mimbarini, ambako mnyama huyo hutolewa mfano wa mwanadamu asiyetii mpaka achapwe. Na husikika majumbani, mzazi anapotafuta uhalali wa fimbo aliyokwisha kuinyanyua. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake haumo katika ukatili peke yake, kwa maana kama kigongo kingekuwa kinafundisha, angalau pangekuwa na jambo la kubishania. Ukweli ni kwamba hakifundishi, na hasa hakimfundishi mnyama mwepesi wa kushtuka, ambaye ndiye anayepigwa kuliko wote.

Punda, sawasawa na farasi aliye ndugu yake wa karibu, ni mnyama aliyeumbwa kuwakimbia wawindaji. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso na nyingine iliyo nyuma ya mkia, na masikio yake hugeuka kila moja kivyake kutafuta sauti inakotoka. Tofauti iliyopo ni kwamba farasi akishtuka hutimua mbio, ilhali punda, ambaye asili yake ni nchi kame za kaskazini-mashariki mwa Afrika, mara nyingi husimama kwanza ili aipime hatari kabla ya kuamua la kufanya. Kusimama huko ndiko kunakoitwa ukaidi. Atazamwe punda anayefika kwenye kifuniko cha chuma cha mtaro baada ya mvua, chuma kikiwa kinang'aa na maji yakinguruma chini yake: hushusha kichwa, huelekeza masikio yote mawili mbele, hutanua pua, hukaza miguu ya mbele na kuurudisha uzito wake nyuma. Ishara hizo zote ni za mnyama anayechunguza, na aghalabu angehitaji muda mfupi tu wa kunusa ili aridhike na kuvuka. Muda huo hapewi, kwa sababu pigo la kwanza humshukia mgongoni kabla hajamaliza kunusa.

Hapo ndipo kilipo kiini cha suala zima. Mnyama anayepigwa akiwa katikati ya hofu hana njia ya kujua kwamba anapigwa kwa sababu amesimama. Anachokijua ni kwamba alikuwa anakitazama chuma kile, na palepale akaumia. Kwa hiyo hukiunganisha chuma na maumivu, na kesho yake, akifika mahali palepale, huwa na sababu mbili za kusita badala ya moja, naye mwenye mkokoteni huona kwamba ukaidi umezidi na huongeza mapigo, na mapigo nayo huongeza hofu. Elimu hii si ngeni wala haikubuniwa na wapenda wanyama wa leo. Xenophon, mwanajeshi na mwandishi wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyewaandikia watu wa vita na si watu laini, alieleza katika risala yake ya upandaji kwamba farasi anayekiogopa kitu apelekwe kwacho taratibu, na mtu mwenyewe akiguse kwanza ili farasi aone kwamba hakina madhara. Akaonya kwamba wanaomlazimisha kwa mapigo humzidishia woga, kwa kuwa farasi hudhani kwamba kitu kile ndicho kilichomuumiza. Zaidi ya miaka 2,300 imepita, na bado mwanadamu anampiga mnyama mwoga ili aache kuogopa.

Watetezi wa kigongo husahau pia kwamba wepesi wa kushtuka na wepesi wa kufundishika hutokana na chanzo kimoja, yaani hisi kali. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin, Ujerumani, farasi aliyeitwa Hans aliwashangaza watu kwa kugonga ardhi kwa kwato idadi sahihi ya majibu ya hesabu, mpaka mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipobainisha kwamba farasi yule hakuwa anajua hesabu bali alikuwa anasoma mitikisiko midogo mno ya kichwa cha muulizaji, mitikisiko ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anaifanya. Mnyama awezaye kuona hilo hahitaji kupigiwa kelele, sembuse kupigwa gongo.

Mafunzo ya kweli yanathibitisha jambo hilohilo. Katika dresaji, yaani mchezo ambao farasi na mpandaji hutekeleza hatua na mizunguko iliyopangwa mbele ya majaji, farasi hafikishwi kwenye hatua ngumu kwa mkupuo mmoja. Zoezi la bega ndani, ambalo farasi hutembea mbele huku mwili umepinda na bega likielekea katikati ya uwanja, lilielezwa na Mfaransa François Robichon de la Guérinière katika karne ya 18, na hadi leo hufundishwa kwa kuomba hatua mbili au tatu, kisha kumwacha farasi anyooke na kupumzika. Kanuni hiyo humfaa punda wa Buzuruga anayefundishwa kurudi kinyumenyume na mkokoteni, tendo linaloogopesha kwa sababu humtaka aende asikokuona. Kamba huvutwa kidogo, naye akiusogeza mguu mmoja tu nyuma, kamba hulegezwa papo hapo. Kule kulegezwa ndiko kunakomwambia kwamba amepatia. Anayeendelea kuvuta baada ya punda kutii amemfundisha kwamba utii hauna faida, na anayepiga amemfundisha kwamba nyuma kuna maumivu.

Asiyeridhika na mifano ya Ulaya na aende Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hao hufundishwa kwa kidude kinachotoa mlio mfupi na kwa kipande cha ndizi, wala si kwa fimbo. Mmoja wao, Magawa, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Taifa ambamo panya alifundishwa kazi ya kuokoa maisha ya watu kwa ndizi haliwezi kudai kwamba punda hafundishiki ila kwa gongo.

Hoja inayopendwa zaidi na watetezi wa kigongo ni kwamba punda ana ngozi nene na hasikii maumivu kama viumbe wengine. Hoja hiyo ni ya kuchekesha, na hufa mara nzi mmoja anapotua ubavuni mwa punda, kwani ngozi hutetema mahali palepale alipotua. Ngozi inayohisi miguu ya nzi haiwezi kuwa kiziwi kwa gongo la mpera. Wengine husema kwamba mababu walipiga na mizigo ilifika, kana kwamba mababu hawakuwahi kukosea, na kana kwamba mizigo haikufika pamoja na vidonda.

Si ajabu kwamba imani hii hustawi katika nchi ambayo Kanuni za Elimu za mwaka 2002 bado zinaruhusu mwanafunzi achapwe hadi viboko vinne, na ambayo madereva wa daladala na bodaboda hudhani kwamba honi huondoa foleni. Chimbuko la yote hayo ni moja: mwenye nguvu akishindwa kueleza, hupiga kelele au hupiga mwili, kisha humlaumu aliyepigwa kwa kutoelewa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huu, lakini sheria itabaki karatasini maadamu methali inaaminiwa kuliko ushahidi unaoonekana barabarani kila siku. Maofisa mifugo wa Ilemela wanapaswa kuwafundisha wenye mikokoteni namna ya kumsoma mnyama na namna ya kulegeza kamba kwa wakati wake, na wahubiri wanapaswa kutafuta mfano mwingine. Mwenye punda anayesema kwamba punda wake haendi bila kigongo hajamwelezea punda hata kidogo. Ametangaza tu kwamba amemiliki mnyama na hakuwahi kumfundisha.