Sokwe Wana Majina, Sisi Hatuna

Wapo wasemao kwamba sinema ni sinema tu, na kwamba mtu mzima anayekasirikia picha ya zamani amekosa kazi ya kufanya. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, hata hapa kwetu Munanila, na kwa heshima zote ninayakataa. Mkoa wa Kigoma umetajwa katika picha za Wazungu kuliko mikoa mingi ya nchi hii. Umepewa Livingstone, umepewa manowari ya Kijerumani, umepewa sokwe wa Gombe. Kitu kimoja umenyimwa, nacho ni watu wake.

Tuanze na Stanley and Livingstone, picha ya Kimarekani ya mwaka 1939, ambamo Spencer Tracy ni Stanley. Tracy anaigiza vizuri, sikatai. Lakini waliotengeneza picha hiyo walimwona Stanley atakuwa mpweke njiani, wakamtungia rafiki, mzee wa Kimarekani aitwaye Jeff Slocum, mtu ambaye hakupata kuzaliwa duniani. Stanley wa kweli hakuhitaji kutungiwa mwenzi. Katika msafara wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao ambaye alikwisha kufika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke, miaka 13 kabla ya Stanley. Mtu aliyeijua safari ya nchi hii alikuwapo, ana jina na ana historia, nao wakaenda kumtafuta mtu wa kubuni!

Tena liko jambo ambalo sisi Waha tungepaswa kulisimulia kila jioni. Stanley mwenyewe ameandika kwamba alipopita Uha mwaka 1871, wakubwa wa nchi yetu walimtoza hongo, yaani ushuru wa njia, hata akahofu kwamba nguo zake zote zitakwisha kabla hajafika ziwani. Basi akaamua kutoroka usiku, msafara mzima ukinyata porini usisikike. Bwana mkubwa mwenye bunduki anakwepa ushuru wa Waha! Ningelipa kiingilio mara mbili kuliona hilo. Na alipoingia Ujiji, kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemsalimu kwanza kwa Kiingereza hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, yule yule ambaye pamoja na Chuma na wenzao waliubeba mwili wa bwana wao hadi Bagamoyo. Dunia inaikumbuka salamu ya Stanley. Salamu ya Susi nani anaikumbuka?

Sasa nije kwenye The African Queen ya mwaka 1951, ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, picha ambayo wajuzi huisifu bila kupumua. Inaanza kanisani. Waafrika wanaimba wimbo wa dini kwa sauti za ovyo, ili mtazamaji acheke. Halafu wanakuja askari wa Kijerumani, wanachoma kijiji na kuwaswaga watu. Mmisionari anafariki, dada yake anapanda mashua pamoja na Bogart, mapenzi yanaanza, na kutoka hapo hakuna hata mmoja anayeuliza wale watu wamepelekwa wapi. Mimi nauliza. Katika vita ile wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kuwatoa mchezoni baada ya dakika chache ni rahisi sana kwa aliye mbali. Sisi ni wajukuu wa vizazi vile.

Mwisho wa picha hiyo manowari ya Wajerumani inazamishwa na wapenzi wawili. Manowari yenyewe inafanana na ile Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kuunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mafundi waliotumwa na kiwanda walikuwa watatu. Mikono mingine yote ilikuwa ya nani? Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916, baada ya kupaka mitambo grisi isiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyo hiyo ilikwenda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi na kuwaleta Kigoma. Sinema iliizamisha, sisi tuliipanda.

Nisipotaja Gombe nitakuwa nimewaonea waliotangulia. Mwaka 1965 televisheni ya Marekani ilionyesha Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, na msimulizi wake alikuwa Orson Welles. Mwaka 2017 ikatoka filamu nyingine, Jane, iliyotengenezwa kwa picha za Hugo van Lawick za miaka ile ile ya sitini. Zote mbili zinapendeza macho. Lakini muulize aliyezitazama, atakutajia Flo, atakutajia Fifi na David Greybeard. Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la London liliandika tanzia yake. Sasa muulize Rashidi Kikwale ni nani, au Hilali Matama. Atakodoa macho. Rashidi alipanda milima ile pamoja na Jane Goodall tangu mwanzo, na Hilali alifuatilia sokwe wale kwa miaka mingi. Mama Goodall amemtaja Rashidi katika kitabu chake cha mwaka 1971, na kwa hilo namshukuru. Kamera ndiyo iliyopenda msichana mmoja peke yake msituni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika picha hizi mgeni anakuja, mwenyeji anatoweka.

Wala simchukii kila Mzungu mwenye kamera. Mountains of the Moon ya mwaka 1990 ilimpa Bombay sura na sauti, akaigizwa na Mkenya Paul Onsongo. Na katika Pole to Pole, mfululizo wa BBC wa mwaka 1992, Michael Palin alipanda Liemba kutoka Kigoma hadi Mpulungu, na meli ile ikaonekana jinsi ilivyokuwa, usafiri wa watu. Kwa hiyo inawezekana. Waliotuacha nje walichagua kutuacha.

Wengine huniambia tushukuru, maana picha hizo zimeutangaza mkoa. Umetangazwa kwa faida ya nani, ikiwa mtoto wa hapa akiulizwa nani alifika Ujiji zamani anajibu Livingstone, kana kwamba mji ule ulikuwa tupu ukimngoja daktari? Mtoto anayejifunza kwamba babu yake alikuwa mgongo wa kubebea mzigo tu, huyo atainamisha mgongo wake mwenyewe atakapokua. Hapo ndipo burudani inapoacha kuwa burudani.

Sisemi picha hizi zichomwe. Zionyeshwe, tena zionyeshwe hapa hapa, kwenye shule na kwenye vibanda vya video. Nchi hii ina wafasiri wa sinema wanaoweza kumfanya Mchina azungumze kama kijana wa Kariakoo. Basi wapewe na hizi. Slocum anapotokea, mfasiri aseme: huyu hakuwapo, aliyekuwapo ni Bombay. Kijiji kinapochomwa, aisimamishe picha awaeleze watoto habari za wapagazi. Sokwe anapotajwa jina, ataje na jina la mtu aliyemfuata sokwe huyo mvuani. Na wenye wazee majumbani wawaulize leo majina ya mababu waliobeba mizigo ya vita ile, wayaandike, kwa maana hakuna studio ya Marekani wala ya Uingereza itakayokuja Buha kuwaandikia.