UNGA TULAO NA KIINGEREZA CHA PAKITI



Mara nyingi katika kurasa hizi tumesema juu ya mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kusema juu ya kitu kinachoumaliza mshahara wenyewe, nacho ni chakula. Mtu akidai shilingi zaidi kwa tajiri wake, kisha akazipeleka dukani kununua ugonjwa, amedai bure.

Wengi hawajui kwamba haki hii imeandikwa katika Katiba yetu ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 chasema mnunuzi ana haki ya kupata vitu vya ubora ufaao, kupewa habari zake, kulindwa afya yake, na kulipwa akidhurika kwa kasoro yake. Hata Rais Kennedy wa Marekani, alipopeleka ujumbe kwa Bunge la kwao tarehe 15 Machi 1962, alitaja usalama kwanza na kupewa habari pili. Tarehe hiyo sasa ni siku ya haki za wanunuzi duniani.

Asiseme mtu kuwa haya ni maneno ya wakubwa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na pande za jirani, watu 317 walipatwa na ugonjwa wa ini kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafa. Mahindi yaliwekwa ghalani yangali na unyevu, yakaota kuvu. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Ugali ukae motoni saa nzima, sumu imo. Na asiyekufa upesi, akiila kidogo kidogo miaka mingi, yaweza kumletea saratani ya ini. Novemba 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha aina 5 za unga wa pakiti kwa kuwa sumu ilizidi kipimo cha sheria, yaani sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Huo haukuwa unga wa kichochoroni, ndugu. Ulikuwa na jina na picha.

Basi habari ambazo Katiba imetuahidi zimeandikwa kwa lugha gani? Shika pakiti yo yote uigeuze. Kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, tena kwa herufi ndogo kama chawa. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Twasoma jina na bei, basi.

Hapa magharibi ya mji, Kangemi na Uthiru, twapanga vyumba pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu wanaosoma Kabete. Watu hudhani vijana hawa wamezaliwa na Kiingereza. Sivyo. Masomo yao yote ni kwa lugha hiyo, na aliyetoka shule ya mashambani huona haya kuinua mkono. Jirani yetu mmoja hakungoja mwalimu. Ana daftari, na kila siku huandika maneno matano aliyoyakuta gazetini au kwenye pakiti ya maziwa. Hutafuta maana katika kamusi, kisha jioni huyatungia sentensi zake na kuzisoma kwa sauti. Zamani wapangaji walimcheka. Siku hizi humpelekea pakiti zao awasomee.

Kwa nini tusifanye vivyo hivyo wenyewe? Maneno ya pakiti si mengi. “Best before” ni siku ambayo baada yake chakula hupungua uzuri. “Use by” au “expiry” ni siku ambayo baada yake kisiliwe. “Batch” ni namba ya mkupuo uliotengenezwa pamoja, na ndiyo namba ya kutaja ukileta mashtaka, kwa hiyo usitupe pakiti wala risiti. “Fortified” ni kutiwa vitamini na madini, jambo ambalo sheria yalazimisha kwa unga wa pakiti tangu 2012.

Lakini tusidanganyane. Mwenzetu anayenunua kwa kipimo cha kadogo, au anayesaga kwenye posho mill, hana pakiti ya kusoma. Achague mahindi makavu, atupe yaliyooza na yaliyobadilika rangi. Hata hivyo sumukuvu haionekani kwa macho, na hakuna kamusi itakayoionyesha. Hiyo ni kazi ya wapimaji wa Serikali, na kwa kazi hiyo twalipa kodi. Wapime mahindi ghalani na sokoni kabla hayajafika kwetu, wasingoje watu waugue.

Tena Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwenye kiwanda hutangaza unga wake redioni kwa Kiswahili kitamu sana akitaka pesa zetu. Kinachomshinda ni nini kuandika kwa Kiswahili hicho siku ya mwisho ya kuula?

Halmashauri ya tawi imeandika barua kwa KEBS juu ya jambo hili, nayo itasomwa katika mkutano ujao. Kila mwanachama aje na pakiti moja tupu ya chakula kilicholiwa kwake, na mwenye kamusi aje nayo.

Mhariri